Antibiotiki si dawa ya mafua
Swali moja hupima vyema uelewa wa afya: je, antibiotiki hutibu mafua? Jibu ni hapana. Mafua huletwa na virusi, ilhali antibiotiki hupambana na bakteria. Penisilini, kwa mfano, huzuia bakteria kujenga ukuta wa seli. Virusi havina ukuta huo. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 kwamba dozi pungufu huwazoesha vijidudu dawa. Hata hivyo, vidonge viwili vitatu vya antibiotiki ya amoksilini bado hununuliwa dukani bila cheti, kwa kikohozi cha kawaida. Hapo ndipo usugu wa bakteria dhidi ya dawa huzaliwa, na nimonia iliyotibika jana hugeuka tishio. Antibiotiki itumike kwa cheti cha daktari, na kwa dozi aliyoelekeza.