Ucheleweshaji wa Talaka Isiyopingwa katika Korti za Migori na Homa Bay

Talaka isiyopingwa ni ile ambayo wanandoa wote wawili wamekubali kuwa ndoa imekwisha, au mmoja ameomba na mwenzake, baada ya kupokea samansi, akanyamaza. Nchini Kenya makubaliano peke yake hayavunji ndoa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inamtaka mwombaji athibitishe sababu, kama vile uzinzi, ukatili, kutelekezwa au ndoa kuharibika kiasi cha kutorekebishika. Ndiyo maana mwombaji wa Rongo, Kehancha, Oyugis au Mbita huapishwa na kutoa ushahidi hata kama hakuna wa kumpinga. Mswada wa mwaka 2023 wa Peter Kaluma, Mbunge wa Homa Bay Mjini, ulilenga kuruhusu talaka kwa maafikiano.

Kwa kuwa hakuna mabishano, watu hudhani shauri litakwisha upesi. Kumbe shauri lisilopingwa hukwama kwa urahisi zaidi, kwa sababu hakuna wa upande wa pili wa kulisukuma.

Kikwazo kikubwa ni samansi. Mume anaweza kuwa kwenye machimbo ya dhahabu ya Macalder mwezi huu, na mwezi ujao yuko Muhuru Bay akivua omena. Mke anaweza kuwa amevuka mpaka wa Isebania na kuhamia Tanzania. Mpelekaji samansi akimpata mhusika, lazima aape hati inayoeleza siku, saa, mahali, na nani aliyemwonyesha mtu huyo. Hati inayosema tu kwamba samansi "ilipelekwa nyumbani" humfanya hakimu aahirishe kesi, na ni haki yake: ndoa ya mtu haipaswi kuvunjwa bila yeye kujua. Tangu 2020 Kanuni za Madai zinaruhusu samansi kutumwa kwa barua pepe au ujumbe wa simu, na mhusika asipopatikana, korti inaweza kuombwa kibali cha kumtangazia gazetini. Ombi hilo lipelekwe mapema, si baada ya miezi ya kumsaka.

Kikwazo cha pili ni uthibitisho wa ndoa. Aliyefunga ndoa kanisani au mbele ya msajili akapoteza cheti anaweza kuomba nakala kwa Msajili wa Ndoa. Ndoa za kimila ni ngumu zaidi. Usajili wake ulianza Agosti 2017, na familia nyingi za Wajaluo na Wakuria zilizotoa ng'ombe wa mahari kabla ya hapo hazina karatasi yoyote. Hapo hutegemewa wazee waliohudhuria. Sheria pia inaruhusu wanandoa wa kimila kupitia usuluhishi wa kimila kabla ya korti kuamua. Lakini kikao cha usuluhishi huo kikingoja hadi ubishi wa kurudisha ng'ombe uishe, faili hulala. Suala la ng'ombe si la kumfunga mtu katika ndoa iliyokwisha.

Mali na watoto navyo visiisubirishe talaka. Mgao wa mali huongozwa na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 na hudaiwa kwa shauri lake. Matunzo ya watoto yanaweza kuandikiwa mkataba kabla ya kusikizwa.

Samansi ikishathibitishwa na muda wa kujibu ukapita, mwombaji ndiye anayepaswa kuomba tarehe ya kusikizwa. Mfumo wa kuwasilisha kesi mtandaoni, ulioenezwa nchi nzima Machi 2024, umepunguza safari za kwenda masjala, ila hauombi tarehe kwa niaba ya mtu. Shauri lililokaa mwaka mzima bila hatua linaweza kufutwa.

Hukumu ikitolewa, kwanza hutoka dikrii ya awali, nisi. Wengi hurudi nyumbani wakiamini yamekwisha. Kisheria bado ni mume na mke mpaka muda uliotajwa na korti upite na dikrii kamili itolewe, na mara nyingi haitolewi bila kuombwa. Anayefunga ndoa mpya ya mke mmoja kabla ya hapo, ndoa hiyo ni batili. Tarehe ya kuomba dikrii kamili iandikwe siku ileile ya hukumu, na nakala yake ikipatikana iwasilishwe kwa Msajili wa Ndoa.