Mzizi wa Mpunga na Udongo wa Kwetu

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya kilimo, nami nimechagua jambo lisiloonekana kwa macho mpaka ulichimbe: mzizi wa mpunga. Sisi watu wa Shinyanga na Geita tunaujua mpunga kwa suke lake, kwa harufu ya wali wake, na kwa bei ya gunia pale Kahama. Mzizi hatuutazami. Na mzizi ndio unaoamua kama fedha tuliyonunulia mbolea itarudi mfukoni au itapotelea matopeni.

Nianze na udongo. Wazee wetu wa Kisukuma waliugawa kwa majina kabla ya maabara yoyote: juu mlimani luseni, mchanga mwepesi, chini yake ibambasi, udongo mgumu usiopitisha maji, na bondeni kabisa mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi. Katika miaka ya 1930 mtaalamu Geoffrey Milne, aliyekuwa Amani kule Usambara, aliupa mpangilio wa namna hii jina la Kilatini, catena, yaani mnyororo. Jina hilo sasa linafundishwa dunia nzima. Majaruba yetu yamo katika sehemu za chini za mnyororo huo, na hutegemea mvua.

Sasa, chakula ambacho mpunga hukihitaji kwa wingi kutoka ardhini ni naitrojeni. Mwaka 1958 mtafiti H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga nchini Kenya, alieleza jambo ambalo kila mkulima wa kwetu ameliona bila kulijua sababu. Udongo uliokauka sana ukipata mvua ya kwanza, vijidudu vyake huamka kwa nguvu, huozesha mabaki ya mimea, na naitrojeni hufunguka kwa wingi kwa siku chache. Ndiyo maana majani ya mwanzo wa masika hustawi ghafla. Lakini jaruba likishajaa maji, hewa hutoweka udongoni, na naitrojeni iliyo katika hali ya naitreti hugeuzwa kuwa gesi ikapaa. Jaruba likikauka na kujaa tena, hasara hurudiwa. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni; katika mashamba ya maji mara nyingi mmea haupati hata nusu yake.

Kwa hiyo mashindano ni ya wakati: mzizi uwahi, au gesi iwahi. Na mzizi una tabia zake. Vijana wa Geita wataelewa upesi, maana mchimbaji mdogo naye hufanya hivyo hivyo. Dhahabu ikiwa haba, hurefusha duara lake akitafuta. Akiukuta mwamba wenye mali, hutoboa pembeni huku na huku. Mzizi wa mpunga penye naitrojeni kidogo hurefuka ukitafuta. Ukikuta mahali penye naitreti, huongeza vijizizi vya pembeni papo hapo. Njaa ikizidi kupita kiasi, mzizi wenyewe hudumaa.

Jambo ninalotaka mlishike ni hili: tabia hiyo ni ya kurithi, na mbegu hazilingani. Urithi wa mpunga umeandikwa katika jozi 12 za kromosomu, na wanasayansi wa mataifa mbalimbali walikamilisha kuusoma mwaka 2005. Mwaka 2013 Yusaku Uga na wenzake wa Japani walitangaza jeni waliyoiita DRO1. Katika mpunga wa nchi kavu wa Ufilipino uitwao Kinandang Patong, jeni hii huelekeza mizizi chini. Katika IR64, mbegu mashuhuri ya mabondeni, herufi moja tu ya maandishi hayo imedondoka, na mizizi hutambaa karibu na uso wa udongo. Waliporudisha jeni iliyo kamili ndani ya IR64, mizizi ilizama, na hata katika shamba la maji mmea ulipata naitrojeni zaidi na kuzaa zaidi. Mwaka 2015 watafiti wa China nao walionyesha kwamba tofauti ya herufi moja katika jeni ya NRT1.1B huifanya mipunga ya kundi la indika ichukue naitreti vizuri kuliko ile ya kundi la japonika.

Lakini, ndugu zangu, tusikimbilie kusema mzizi mrefu ndio bora kila mahali. Mwaka 2020 Wajapani hao hao walionyesha kwamba katika mashamba ya maji yenye chumvi, mizizi ya juujuu ndiyo iliyosaidia. Mzizi bora ni ule unaolingana na udongo wake. Na sisi tuna udongo wa aina nyingi katika mteremko mmoja!

Hapo ndipo tulipopungukiwa. Tangu IR8 ilipotoka Los Baños mwaka 1966, kazi kubwa ya kuboresha mpunga duniani imekuwa kufupisha bua, ili mmea ustahimili mbolea nyingi bila kulala. Kazi hiyo imelisha mamilioni, wala siibezi. Kwetu, Supa ni mrefu na una harufu inayopendwa, lakini ukiupa urea nyingi hulala. SARO 5 ni mfupi na huipokea mbolea vizuri. Ila mkulima asiye na fedha ya mbolea anahitaji kuulizia jambo jingine: mbegu ipi ina mzizi unaokusanya kile kidogo kilichopo?

Jibu huenda limo katika vihenge vya mama zetu. Mbegu za zamani zilichaguliwa vizazi na vizazi bila mbolea ya chumvichumvi. Kila mwaka familia fulani huacha mbegu yake kwa sababu mjini hainunuliki, na urithi wa mzizi wake hupotea pamoja nayo.

Naomba mambo mawili. Kila mmoja wetu atakayekwenda nyumbani alete kibaba kimoja cha mbegu ya zamani, pamoja na jina lake na jina la udongo inakolimwa. Na shule itenge vijaruba vichache: nusu vipewe mbolea, nusu visipewe. Siku ya arobaini wanafunzi wachimbue mashina kwa uangalifu, waoshe mizizi ndani ya ndoo, waipime urefu, waikaushe na kuipima uzito. Haihitaji maabara, inahitaji rula, mizani na daftari linalotunzwa mwaka hadi mwaka. Daftari hilo likipelekwa kwa watafiti wa Ukiriguru, litakuwa na maana kuliko hotuba yangu.