Ukishuka, Shuka na Simu Yako

Msikilizaji, umeegesha gari juani pale Kariakoo. Vioo umepandisha, simu umeiacha kwenye dashibodi. Jua linapenya vioo, joto linabaki ndani. Betri ya simu haipatani na joto: huchakaa mapema, na inaweza kuvimba.

Kwa hiyo, ukishuka, shuka na simu yako. Ukilazimika kuiacha, izime, uiweke chini ya kiti, mbali na jua na macho ya wezi.

Umeikuta ya moto? Usiichaji. Usiitie kwenye friji, isije ikapata unyevu ndani. Ivue kava, iweke kivulini, ipoe taratibu. Ikivimba, usiitoboe, ipeleke kwa fundi.

Nasema tena: ukishuka, shuka na simu yako.