Kibetri Kidogo, Kompyuta Kuukuu



Kompyuta kuukuu ikikaa majuma bila umeme hapa milimani Usambara, kisha ikawashwa ikidai tuko mwaka 2009, twasema upesi: “Imekufa, itupwe.” Tusihukumu haraka. Mara nyingi kilichokwisha ni kibetri cha volti 3, chenye upana wa milimita 20, kinachoitunza saa yake. Tarehe ikipotoka, kurasa nyingi za intaneti hukataa kufunguka. Na katika orodha ya parokia, mtoto aweza kuonekana amebatizwa kabla ya kuzaliwa.

Basi, tufanyeje? Kwanza tunakili kumbukumbu zote mahali pengine. Kisha tuizime, tuchomoe waya wa umeme, tubadili kibetri, turekebishe tarehe. Kibetri cha zamani tusikiache ovyo: mtoto akikimeza chaweza kumchoma koo ndani ya saa 2; akimbizwe hospitali mara moja. Kompyuta ikigoma bado, ndipo tumwite fundi.

Mzee hatupwi kwa sababu amesahau siku. Hukumbushwa na walio karibu naye. Tuwe na subira hiyo kwa vyombo, na zaidi kwa watu.