Tablete gani kwa kazi ya chama?

(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, Shituru)



Mulituuliza: kati ya tablete mbili mulizoonyeshwa mu magazini, moja ya Intel, ingine ya ARM, mununue gani? Ya Intel iko bei chini, tena iko na Windows sawa ordinatere. Tunaelewa juu ya nini mutunza sanduku anaipenda. Lakini ile franga ni michango yenu, basi tuanze na kazi.

Kazi ni kuandika familia zilizorudi: nani alifika, watoto wangapi, nani alikwisha kupata msaada. Sisi tunatumia KoBoCollect, na hiyo ni programu ya Android. Kwa Windows mutajaza fomu paka ndani ya navigatere. Inawezekana, hata bila rezo kama fomu ilifunguliwa mbele, lakini mwenye kutembea nyumba kwa nyumba atachoka haraka.

Prosesa ndiyo kichwa cha mashine. Intel inasema luga yake, ARM yake. Programu ya luga moja haieleweki kwa ingine bila mukalimani, na mukalimani anakula nguvu. Tablete za Android zenye Intel zilikuwako, lakini mwaka 2016 Intel iliacha mipango ya prosesa mupya za telefone. Mukikuta moja leo mu soko, ni ya zamani. Muiache, hata wakipunguza bei.

Kwa karatoni hamutaona sana neno ARM. Mutaona Snapdragon, MediaTek, Exynos ao Unisoc: zote ni ARM. Nyingi ziko na viini vikubwa na vidogo. Kazi nyepesi kama fomu inafanywa na vidogo, na betri inakawia. Kwa sisi ambao umeme unatukatikia, hiyo si kitu kidogo. (Betri yenyewe pengine iko na kobalti ya udongo huu wetu, lakini bei hawatupunguzii.)

ARM peke yake haitoshi. Muulize kama iko na GPS, Android ya karibuni, na RAM ya GB 3 ao zaidi. Mbele ya kulipa, muwashe, muingize KoBoCollect, mujaze fomu moja, mutoke inje mupime kama inaona mahali mulipo. Muuzaji akikataa, muende kwa mwingine. Mama sekretere akitaka, tutaenda naye pamoja.