Umeme wa Kisiwani na Siku ya Maafa

Gridi ikitegemea njia moja tu, nayo njia hiyo ikikatika, mji mzima huzimika. Unguja, umeme hutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari hadi Fumba. Mwezi Mei 2008 njia hiyo iliharibika, giza likadumu karibu mwezi mmoja. Desemba 2009 ikaharibika tena, na mara hii umeme ulirudi baada ya miezi mitatu. Pampu zilisimama, mabomba yakakauka, akina mama wakarudi visimani na ndoo kichwani. Wenye jenereta walihangaikia mafuta. Pigo la pili ndilo linalouma zaidi, kwa kuwa la kwanza lilikwisha kutoa onyo. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013.

Upande wa Beni, mashariki mwa Kongo, hakuna bahari, lakini visiwa vya umeme, yaani gridi zilizojitenga, vipo. Mtambo wa Mutwanga, unaozungushwa na maji ya milima ya Ruwenzori, ulianza mwaka 2013 na gridi yake ndogo. Goma nako, Mei 2021, lava ya volkano ya Nyiragongo ilikata nyaya na mabomba.

Kujiandaa ni kazi ya kila siku: vipuri ghalani, mafundi waliofanya mazoezi, miti iliyokatwa kando ya nyaya, betri za akiba kwa chumba cha kujifungulia. Mkazi wa Eringeti, huko Beni, au kwingineko akiona waya umeanguka, asiuguse. Azuie watoto, kisha awaite mafundi mara moja.