Taa ya Tangi la Matumbawe: Iwe ya Kupunguzika, Iwe Mbali na Maji



Nyumba nyingi za Mji wa Kale zina kuta za mawe ya matumbawe, na huko baharini miamba iliyo hai ingali inakinga pwani na kulea samaki. Wapo wakazi wanaopenda kuiweka sehemu ya bahari hiyo sebuleni: tangi la kioo, samaki wachache na matumbawe. Taa za kazi hiyo zinazotoka ng'ambo ni ghali, kwa hivyo vijana wanaojua stima hujitengenezea kwa LED. Si vibaya. Lakini taa iliyotengenezwa ovyo inaweza kuua matumbawe kwa siku chache, na inaweza kuua mtu kwa mara moja. Yote mawili yanazuilika.

Kwanza, kwa nini taa? Tumbawe ni mnyama, lakini ndani ya mwili wake huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo hutumia mwanga kutengeneza chakula, na tumbawe hupata sehemu kubwa ya riziki yake humo. Baharini mwanga mwekundu humezwa na maji mapema, na wa buluu ndio unaofika chini zaidi. Ndiyo sababu taa ya tangi huchanganya LED za buluu na nyeupe. LED ya buluu yenye nguvu ilipatikana miaka ya 1990, na wanasayansi watatu, Akasaki, Amano na Nakamura, walituzwa Nobel ya Fizikia kwa kazi hiyo mwaka 2014.

Kwa tangi dogo la lita 100 hivi, lenye matumbawe laini, mfano mmoja ni LED 12 za wati 3: za buluu 6 na nyeupe 6. Kila moja hutaka takriban volti 3.2. Zikiungwa mfululizo, moja baada ya nyingine, jumla huwa volti 38 hivi. Haziungwi kwenye stima moja kwa moja. Huwekewa kifaa ambacho mafundi hukiita dereva, kinachoshikilia mkondo usipande. Kwa mfano huu, dereva ya miliampia 700 inayotoa volti 24 hadi 48. Taa nzima hula wati 27 hivi. Ikiwaka saa 9 kwa siku, mwezi mzima hutumia takriban yuniti 7 za stima.

LED hufungwa kwa gundi ya kupitisha joto juu ya bamba la alumini lenye mapezi, na feni ndogo ya kompyuta hulipoza. Joto lisipotoka, LED hufa mapema. Jambo la kukumbuka: LED zote huungwa na dereva kabla ya kuwasha stima, kamwe si baada ya kuwasha, kwani zinaweza kuungua papo hapo.

Sasa kiini cha maneno. Dereva inunuliwe ile iliyoandikwa kwamba inaweza kupunguzwa mwanga, na iwekewe dima inayolingana nayo. Dima ya ukutani ya balbu za kawaida haifai kwa kila dereva. Watu wengi huona dima kama pambo, kumbe ndiyo uhai wa tangi. Tumbawe lililozoea mwanga hafifu likipigwa ghafla na mwanga mkali hufukuza ile mimea yake na kubaki jeupe. Joto la maji nalo huleta hali hiyo hiyo. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalipauka na kufa.

Kwa hiyo taa ianze na robo ya nguvu yake, kisha iongezwe kidogo kidogo kila wiki. Tumbawe likianza kupauka, mwanga urudishwe chini. Usiku liwe giza. Msimu wa kaskazi, maji yanapopata joto, kipimajoto kitazamwe kila siku. Na stima ikipotea, taa si jambo la kwanza. Pampu ya hewa yenye betri ndiyo ya kwanza, kwa sababu samaki hawawezi kungoja.

Sasa usalama wa watu. Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri sana, na stima ya nyumbani ni volti 240. Dereva ikae mbali na tangi na isiwe chini yake. Waya ulegee chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisifike kwenye plagi. Chuma chote cha taa kiungwe na waya wa ardhi. Taa ifunikwe kwa plastiki ngumu inayoonyesha, kwa kuwa chumvi hupanda na kula viungo. Fundi aliyesajiliwa aweke breka inayokatika umeme unapovuja, ya miliampia 30. Anayetia mkono majini azime kila kitu kwanza. Katika Mji wa Kale nyumba zimeshikana, dari nyingi ni za boriti na vichochoro ni vyembamba kwa gari la zimamoto. Waya mbovu wa nyumba moja ni hatari ya mtaa mzima.

Mwisho, matumbawe yenyewe. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa ilianzishwa mwaka 1986, na ndani yake hairuhusiwi kuvua wala kuchukua kitu chochote. Matumbawe magumu pia yanalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Anayetaka kuyafuga aulize kwanza KWS kuhusu vibali, kabla ya kununua hata LED moja. Asivunje mwamba baharini ili apambe sebule. Mwamba huo hukua polepole mno, na samaki wa mvuvi wa kesho wanauhitaji.